Usiniletee Ushindi, Akinyi

Akinyi mwanangu,

Umetoka kwenda Obunga kuwaaga wenzako, na nyumba imenyamaza mapema, kama inayojizoeza. Jua bado liko juu ya mabati ya jirani. Ninaandika haraka kwa sababu ukirudi nitakutazama usoni, na nikikutazama usoni nitaanza kusema mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha. Hayo unayajua. Kesho utashuka Luanda Kotieno, utavuka na feri hadi Mbita, na kuanzia hapo nitakupata kwa simu tu. Silihofii ziwa, wala siihofii Mbita, ambako watu ni watu. Ninaiogopa simu.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyoanza kuwalelea wewe na kaka yako kule Bonde la Ufa, katika ile ploti ambamo kila mlango ulikuwa na kabila lake na watoto wote mlikemewa kwa lugha moja. Tangu tufukuzwe kule kwa ajili ya kabila letu mpaka leo, wanawake wa sokoni bado wanakicheka Kijaluo changu. Wanasema ninaongea kama mtu anayesoma ubaoni. Wengi hudhani kwamba tulipokuja Kisumu tulirudi nyumbani. Mimi sikurudi popote, Akinyi. Nilifika tu, kama mtu anavyofika mahali ambapo gari limeharibikia.

Kuna jambo nililojifunza siku zile ambalo limetulisha, na jambo hilo hilo ndilo lililonipotezea kaka yako Ouko. Nataka ulijue lote kabla hujaondoka, maana nimeona dalili zake kwako.

Tulipokuwa kambini, kwenye uwanja wa maonyesho, wewe ukiwa bado wa kubebwa mgongoni na baba yenu akiwa tayari kaburini, nilianza kuuza chai. Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyepika mandazi matamu kuliko ya mtu yeyote pale. Lakini alikuwa akilia huku akiwafungia watu. Walimpa pole, halafu wakaja kununua kwangu. Nikaelewa kwamba mtu mwenye huzuni yake hanunui kitu kwa mwenzake mwenye huzuni. Basi nikawa ninanawa uso nyuma ya hema, ninajipangusa, kisha ninatoka nikiwa nimeshatabasamu. Nikauza. Uso ule niliuvaa mpaka ukanishika. Nilikuja nao hapa Nyamasaria, nikauweka kwenye kibanda changu cha vitabu vya mitumba kando ya barabara kuu, nao haujawahi kuninyima unga.

Kosa langu ni kwamba niliuleta mpaka mezani kwetu.

Wewe ulikijua kikundi chetu cha Alhamisi kikiwa kimeshaharibika, kwa hiyo acha nikuambie kilivyoanza. Wazo lilikuwa la Wekesa, fundi wa kuchomelea. Alisema sisi wafanyabiashara wadogo hatuna wa kutufundisha, basi tufundishane. Tukawa tunakutana kwenye karakana yake jioni, baada ya kufunga kazi, tumekaa juu ya milango ya chuma ambayo wenyewe hawajaichukua, na kila mtu analeta mbinu moja ya kuuza au jambo moja lililomfanya awe mtu bora wiki ile. Hakukuwa na mchango wala ada. Mwanzoni tulikuwa tunacheka sana. Mama Atoti, yule anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa, alisimama siku moja akasema:

“Mimi mteja akikuja namwonyesha gani ni ya jana. Atachukua ya leo. Na kesho akikuja ananiuliza tena, kwa sababu anajua mimi simdanganyi.”

“Sasa mimi mlango ya jana niseme ni ya jana?” Wekesa akamuuliza.

“Wewe Bwana Wekesa, mlango yako hata ya mwaka jana bado haijaisha!”

Tulicheka mpaka mpita njia akachungulia kujua kunauzwa nini. Lakini neno lile la Mama Atoti nililitumia kesho yake. Mzazi mmoja alikuja kutafuta kitabu cha darasa la mwanawe, nami nilikuwa na chapa ya zamani ambayo walimu hawaitumii tena. Nilimwambia hivyo. Akaondoka bila kununua, na tangu siku hiyo hanunui kitabu kwa mtu mwingine. Hivyo ndivyo kikundi kilivyokuwa, Akinyi: watu wanaoambiana ukweli mdogo mdogo unaofaa.

Kisha nikaingilia kati na kusoma kwangu.

Watu walikuwa wananiuzia vile vitabu vya kujiendeleza, vyenye picha ya mtu aliyesimama kileleni mwa mlima. Nilivisoma kibandani wateja wakipungua, na Alhamisi nikawa ninawaeleza wenzangu kwa Kiswahili. Wakaanza kuniita Mwalimu. Sikuwahi kuwa mwalimu, na jina lile lilinipendeza mno. Baadhi ya vitabu hivyo vilisema kwamba ukitaja kushindwa, kushindwa huja. Mimi, ambaye nilikuwa nimenawa uso nyuma ya hema, nilihisi nimesoma habari zangu mwenyewe. Nikaweka sheria: hapa hatuleti shida, hapa tunaleta ushindi.

Sheria ile iliingia kwa urahisi kwa sababu ilikuta njia imeshafyekwa. Sisi wote tumezoea kusimama kanisani kutoa ushuhuda, na ushuhuda hauishii katikati. Husimami mbele ya watu kusema mtoto ni mgonjwa, ukakaa. Unangoja apone, ndipo usimame. Basi Alhamisi ikawa hivyo. Mtu alisimama, akataja ushindi wake, akapigiwa makofi ya kilo, yale ya kupigwa na wote kwa mdundo mmoja, akakaa. Ambaye hakuwa na ushindi aliutafuta njiani akija.

Jioni moja Mama Atoti alisimama akasema, “Mimi leo sina. Samaki imelala, hakuna mtu amenunua. Na jana pia ililala.”

“Ai, Mama Atoti, tafuta hata kadogo,” Wekesa akamwambia.

“Hata kadogo sina. Ama niwaambie nimeshinda kukohoa?”

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka. Nilimwambia kwa sauti ya upole, ile sauti yangu ya dukani, kwamba ulimi ni mlango, na aangalie anamfungulia nani. Nilimngoja pale amesimama. Akatutazama, mmoja mmoja, akasema, “Haya. Nimeamka nikiwa hai. Andikeni huo.” Tukampigia makofi. Baada ya hapo alikuwa akija, anataja ushindi, anakaa. Hakutufundisha tena kitu chochote.

Sasa nikuambie juu ya Ouko mambo ambayo sijawahi kukuambia yote kwa pamoja.

Ouko alipoamua kwenda kutafuta, alichagua mji ule ule tulikofukuzwa. Alisema, “Mama, nitafungua duka pale pale ulipokuwa na lako.” Ningepaswa kumzuia. Badala yake nilifurahi mpaka nikaona aibu. Alianza kwa kuuza viatu vya mitumba barabarani, na wiki ya kwanza akanitumia sauti kwa simu: ameuza mpaka amebaki na viatu vya mguu mmoja mmoja. Ulikuwa ukweli, nina hakika, kwa sababu alikuwa akicheka kwa pua kama alivyocheka utotoni. Alhamisi nilikwenda nayo karakanani, nikaongeza sauti ya simu, nikawasikilizisha.

“Mama Ouko, hiyo kijana si ya kawaida,” Wekesa alisema. “Hiyo ni dume.”

Nikamwandikia Ouko kwamba kikundi kizima kimemsikia na kimempigia makofi. Nilidhani ninampa nguvu.

Tangu hapo kila Alhamisi mchana alituma. Viatu vimeisha. Amepata kibanda. Amepata msichana wa kumsaidia. Anazungumza na mwenye nyumba juu ya lile duka. Nami kila Alhamisi nikamchezesha mbele ya watu kama redio. Hata ulipofika umri wa kukaa nasi pale, jambo la kwanza ulilosikia ni kaka yako akishinda. Unakumbuka uliniuliza kwa nini Ouko hapigi simu ya kawaida, tuongee naye? Nilikuambia yuko na kazi nyingi. Wewe ulikuwa umesikia jambo ambalo mimi, msomaji wa vitabu, sikulisikia: mtu ambaye anaongea na hataki kuulizwa.

Kisha Alhamisi moja hakutuma. Nikampigia, mteja hapatikani. Nimempigia tangu wakati ule, nawe unajua jibu ninalopata.

Wekesa ndiye aliyemwona. Alikwenda mji ule kununua vyuma, akamkuta sokoni akisukuma mkokoteni wa viazi, kifua wazi, amekonda. Akamwita kwa jina. Ouko alimtazama usoni mtu ambaye amekula kwetu Krismasi, akamwambia, “Umenifananisha, mzee.” Akasukuma mkokoteni wake akaenda.

Kusukuma mkokoteni si aibu. Ningempikia mwenye mkokoteni kama nilivyompikia mwenye viatu. Lakini angelijuaje? Kwa mdomo wangu hakuwahi kusikia mahali ambapo mtu asiye na ushindi huketi.

Nilikwambia nakwenda Kakamega kwenye mazishi. Sikwenda Kakamega. Nilikwenda huko. Sikuwa nimekanyaga ardhi ile tangu tuliposombwa na lori, lakini niliingia sokoni nikawauliza wapakizi. Kijana mmoja akaniambia, “Wa Kisumu? Huyo alikuwa hapa saa hii tu. Alikuona ukiingia.” Akaniangalia kwa huruma, akaongeza, “Mama, pole, lakini nadhani amekukimbia.” Nilikaa juu ya gunia la mtu mpaka soko likafungwa. Hakurudi. Mwanangu alinikimbia, Akinyi, mimi mama yake. Nikiwa njiani kurudi nilitaka kulia na sikuweza, uso ulikataa, umezoea kazi moja.

Wanakikundi walikuja kunipa pole. Kila mmoja alikuja na ushindi wake: atarudi, Mungu yu mwema, mwana mpotevu alirudi. Mama Atoti alikuja peke yake, baadaye, na samaki kwenye karatasi. Akaifungua karatasi mbele yangu. Nikamuuliza, kwa hasira kidogo, kwa nini mtoto wangu hakuniambia mambo yameharibika, mimi si adui yake.

Akasema, “Mama Ouko, angekuambia aje, na sisi wote tulikuwa ndani ya simu?”

Nimezisikiliza zile sauti tena, zote, nikiwa peke yangu. Kicheko cha pua kimo katika ya kwanza tu. Katika zilizofuata, kabla hajaanza kusema, anavuta pumzi, kama mtu anayesimama kanisani. Hakuwa akizungumza nami. Alikuwa akitoa ushuhuda. Nilimpoteza kabla hajazima simu.

Sasa nije kwako, na usikasirike.

Wiki iliyopita kikundi kilikuaga. Ulisimama kwenye milango ile ya chuma ukasema umeshauza taa zote za sola ambazo kampuni yako mpya ilikupa uziuze kwa majaribio, na kwamba huko Mbita utaangaza ufuo mzima. Wekesa akapiga yowe. Makofi ya kilo yakapigwa. Nawe, kabla ya kusema, ulivuta pumzi.

Leo asubuhi nilifungua sanduku lako nikuwekee omena niliyokukaushia. Sikufungua ili kukuchunguza. Chini ya sketi zako nilizikuta taa za sola, zimefungwa kwa leso, bado zina karatasi zake. Nilizifunika kama nilivyozikuta. Omena iko juu, kwenye mfuko wa bluu.

Ninajua kilichotokea, mwanangu, huhitaji kunieleza. Hazikununuliwa. Ulizinunua mwenyewe ili jina lako lisikose katika lile kundi la simu la kampuni yako, ambamo kila jioni kila wakala lazima aandike ameuza nini, na yule msimamizi wenu anawawekea waliouza vile vipicha vya moto vya kuwasifu. Nimekuona ukiliangalia kundi hilo wakati wa kula. Unaliangalia kama mtu anavyoangalia mlango ambao kuna mtu anabisha.

Hujafika hata Mbita, na tayari umeshanunua ushindi wako kwa pesa zako. Nilipoziona zile taa nilikaa kitandani kwako. Nikasema, huyu naye anaondoka. Ninaye mmoja tu wa kupoteza, na njia ni ile ile, na aliyeifyeka ni mimi.

Nilifikiri nikukataze. Nilifikiri nizifiche taa, nifiche sanduku, nijitie ugonjwa. Mzee mwenye hofu hana haya. Lakini wewe ni mtu mzima, na kazi ni kazi, na mtu hafi kwa kuuza taa. Nenda. Kuza biashara, jifunze, tabasamu kwa mteja, maana tabasamu lile ni halali yake na amelilipia. Msimamizi wako mwambie unavyotaka, simjui, hanihusu. Hata kwenye kundi la moto andika unavyoona inafaa ukae kazini. Dunia imejaa watu wanaotaka ushuhuda wetu, na mwingine hatuna budi kuwapa.

Ila usinipe mimi. Ninakuomba. Sijawahi kumwomba mtoto wangu kitu kwa namna hii, nami sijui maombi kama haya yanavyoandikwa. Usiniletee ushindi, Akinyi. Niletee samaki iliyolala. Nipigie uniambie leo nimeshinda juani ufuo mzima na hakuna aliyenisimamisha, na mwenye nyumba ananitazama vibaya, na nimemchukia kila mtu, na wewe pia mama. Piga simu usiseme chochote, upumue tu. Mimi nimejifunza kusikia pumzi, nimejifunza kwa bei kubwa. Ukipiga hakutakuwa na mtu mwingine ndani ya simu. Kikundi nimewaambia sitarudi kama msomaji wao. Nikirudi nitakaa nyuma, karibu na Mama Atoti, na sitachezesha sauti ya mtu tena maishani mwangu.

Na ikitokea huko ukashindwa kabisa, ukasukuma mkokoteni, ukachota maji ya watu, ukaosha samaki za watu, usiniambie nimekufananisha. Nikija nikakuita kwa jina, itika.

Ninajua nimeandika kama mtu anayezama. Ningependa kukuachia barua yenye utulivu, kama zile za kwenye vitabu, ambazo mzazi ameshasamehewa na anajua mwisho. Mimi sijui mwisho. Sijui Ouko analala wapi leo. Sijui kama mtoto aliyefundishwa kushinda anaweza kufundishwa kitu kingine akiwa na umri wako, na mwalimu akiwa yule yule aliyeharibu. Huenda nimechelewa. Nawasikia watoto wa jirani langoni; huenda umesharudi.

Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako asubuhi. Isome kabla hujanywa chai. Nitakuwa jikoni, nimeupa mlango mgongo ili usinione uso. Njoo usimame nyuma yangu uniambie kitu kimoja tu unachokiogopa huko unakokwenda. Kiwe kidogo, kiwe cha kijinga, vyovyote. Sitakupa mbinu. Sitataja kitabu. Sitakuambia kwamba utaweza.

Nitakuuliza tu, “Na kingine?”

Mama yako